Nani Analipa Gharama ya Msamaha?

Katikati ya nyusi zako kuna msuli mdogo usiotii amri. Ukikutana ghafla na mtu aliyekudhulumu, hujikunja kabla hujaamua kama utamsalimia au utavuka barabara. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Charlotte Witvliet na wenzake wa Chuo cha Hope, jimbo la Michigan nchini Marekani, walichapisha utafiti uliouchungulia msuli huo kwa karibu. Waliwabandika wanafunzi 71 nyaya nyembamba, wakapima mkazo wa uso, mapigo ya moyo, presha na jasho la ngozi, kisha wakamwomba kila mmoja amkumbuke mtu halisi aliyewahi kumuumiza.

Kuna wakati mwanafunzi aliambiwa ayarudie machungu yale kichwani na kukifuga kinyongo chake. Kuna wakati aliambiwa amtazame mkosaji kama binadamu mwenye udhaifu, ajaribu kumsamehe. Mtu ni yuleyule, kosa ni lilelile, kiti ni kilekile. Lakini kila kinyongo kilipopewa nafasi, nyusi zilikaza, moyo ukaenda mbio, presha ikapanda na ngozi ikatoa jasho zaidi. Hata walipoambiwa waache, wapumzike, miili yao ilichelewa kutulia.

Huku kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, nyaya zile zingepata kazi ya kutosha. Panda matatu Kitale, upite Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, usikilize watu wanavyozungumza. Utasikia ya ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba tangu baba yao azikwe. Utasikia ya mweka hazina wa chama aliyehama usiku na pesa za akina mama. Na abiria wakishazoeana, kwa sauti ya chini, utasikia ya mlimani. Karibu kila boma lina jina ambalo likitajwa wakati wa chakula kuna mtu huacha kula.

Kinachotokea ndani ya mtu huyo kinaeleweka vizuri siku hizi. Ubongo ukihisi hatari hutuma habari kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo hutoa adrenalini, halafu kotisoli. Sukari humwagwa kwenye damu, moyo husukuma kwa nguvu, na shughuli zinazoweza kungoja, kama vile kumeng'enya chakula, hupunguzwa. Ni mpango mzuri sana kwa mtu anayekimbizwa na nyati. Nyati akishapotea, kotisoli hushuka na mwili hurudia kazi zake.

Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford alilichunguza jambo hili hapahapa Kenya. Kuanzia mwaka 1978 alikuwa akija Maasai Mara kuwafuata nyani, akiwapulizia kishale cha dawa ya usingizi kwa mrija, akiwatoa damu na kupima kotisoli yao. Nyani wa Mara hushiba kwa kutafuta chakula saa chache tu, kwa hiyo muda unaobaki huutumia kusumbuana. Wale wa daraja la chini, wanaoonewa kila siku, damu yao ilikuwa na kotisoli nyingi hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akiwagusa. Na kotisoli ikikaa juu kwa miezi na miaka huharibu: presha hupanda, usingizi hukatika, kinga ya mwili hulegea.

Binadamu amemzidi nyani kwa jambo moja: hahitaji adui awepo. Mkulima wa Kiminini aliyekorofishana na kaka yake mwezi wa Januari anaweza kukorofishana naye tena Mei akiwa peke yake kwenye mahindi, na tena saa nane za usiku kitandani, na tena kanisani wimbo unapoimbwa. Ugomvi ulikuwa mmoja. Mwili umeulipia mara mia. Ni mashine ya posho inayonguruma usiku kucha bila gunia hata moja la mahindi: dizeli inaisha, chuma kinalika, unga hakuna. Sisemi kwamba presha yote hutokana na kinyongo. Chumvi ipo, urithi upo, umri upo, na aliyeandikiwa dawa za presha azimeze hata kama ameisamehe dunia nzima. Lakini anayedhani kinyongo ni jambo la roho tupu, lisilougusa mwili, basi vipimo vinamkatalia.

Sasa, je, mtu anaweza kufundishwa kusamehe, kama anavyofundishwa kupanda kwa mistari? Everett Worthington wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth alikuwa tayari akilitafiti swali hilo mwaka mpya wa 1996 ulipoanza kwa habari kwamba mama yake ameuawa nyumbani kwake Knoxville, Tennessee, na mtu aliyevunja nyumba ili aibe. Kilichokuwa somo la darasani kikawa msiba wa kwao. Worthington alijipitisha mwenyewe katika njia aliyokuwa akiwafundisha wengine, na njia hiyo leo inajulikana kwa hatua zake tano. Unalikumbuka tukio lilivyokuwa, bila kulipunguza wala kulitia chumvi. Unajaribu kuona ni nini kilichomsukuma mkosaji, hata kama hukubaliani nacho. Unakumbuka siku wewe mwenyewe uliposamehewa bila kustahili, ukatoa msamaha kama zawadi. Unauandika, au unautamka mbele ya mtu, usije ukaukana kesho. Halafu unaushikilia machungu yanaporudi, kwa sababu yatarudi.

Hatua hizo ziliwekwa katika kitabu cha mazoezi ambacho mtu hukijaza mwenyewe, kazi ya saa tatu hivi kwa jumla. Kati ya mwaka 2020 na 2021 kitabu hicho kilijaribiwa kwa watu 4,598 huko Kolombia, Hong Kong, Indonesia, Afrika Kusini na Ukraine. Kura ndiyo iliyoamua nani akipate mara moja na nani asubiri wiki mbili, ili makundi mawili yalinganishwe kwa haki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Waliokipata kwanza walikuwa wamesamehe zaidi kuliko waliokuwa wakingoja, na wasiwasi na huzuni yao ilikuwa imepungua, ingawa si kwa kiwango kilekile ambacho msamaha wenyewe uliongezeka. Nafuu ile ni ndogo, nakubali. Lakini nafuu ndogo inayopatikana kwa karatasi na kalamu, bila nauli na bila foleni, ni kitu cha maana kwa watu ambao kwao mshauri wa afya ya akili ni mtu wa kusikika redioni tu.

Katika kazi ya Worthington kuna jambo ambalo ningependa lisemwe makanisani na misikitini kwetu kila wiki. Kuamua kusamehe na moyo kusamehe ni safari mbili. Unaweza kuamua leo: sitalipiza, nitamsalimia, sitamharibia jina. Moyo utakuja nyuma kwa mwendo wake, pengine miezi, pengine miaka. Mama aliyesimama mbele ya waumini pale Kanduyi akatangaza kwamba amemsamehe shemeji yake, kisha Jumatatu akakutana naye sokoni na tumbo likamkaza, si mnafiki. Uamuzi wake ni wa kweli na tumbo lake pia ni la kweli. Watu wangapi wameteswa na dhana kwamba maumivu yakirudi basi hawakusamehe kamwe, wakaambiwa wafunge na kuomba zaidi, wakati mwili ulikuwa tu bado unajifunza kwamba hatari imepita?

Ikiwa imepita, lakini. Hapo ndipo sayansi inapoanza kusema mambo ambayo wahubiri wa msamaha hawayataji.

Mwaka 1979 Frans de Waal na Angeline van Roosmalen waliandika kuhusu sokwe wa bustani ya wanyama ya Arnhem, Uholanzi. Waliona kwamba sokwe wawili wakishapigana, aghalabu hutafutana baadaye, hubusiana, hukumbatiana, kisha maisha yanaendelea. Tangu hapo tabia hiyo imeonekana kwa wanyama wengi wanaoishi kwa makundi, na wataalamu wamejiuliza imetoka wapi. Michael McCullough, ambaye ametumia miaka mingi kwenye swali hilo, anasema kichwa cha mnyama anayeishi na wenzake hupima mambo mawili kabla ya kuachilia hasira. Je, huyu bado ana thamani kwangu? Na je, ataniumiza tena? Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya vijana 356 waliokuwa wameumizwa na watu wa karibu. Mkosaji alipoomba radhi kwa dhati na kujitolea kulipa alichoharibu, hasira ilishuka kwa kasi zaidi, na sababu yake ilionekana wazi: aliyeumizwa alianza kumwona tena kama mtu wa kufaana naye, asiye tishio.

Hili wazee wetu hawakuhitaji kusomewa. Baraza la wazee, kwa Wabukusu na kwa Wasabaot, halikuwa likimaliza kesi nzito kwa maneno matupu. Kilitolewa kitu, mbuzi au ng'ombe, watu wakala pamoja, na ukoo mzima wa mkosaji ukawa shahidi kwamba jambo lile halitarudiwa. Yule mweka hazina aliyehama na pesa za chama, akirudi na shilingi mia tano mkononi na kuahidi mia tano nyingine kila wiki, atasamehewa na akina mama wale haraka kuliko akirudi na machozi na mistari ya Biblia. Hilo halitokani na tamaa ya pesa. Zile mia tano zinajibu swali la pili.

Na asiyejibiwa swali la pili afanye nini? James McNulty, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafuatilia watu waliooana karibuni. Aligundua kwamba mwenzi aliyesamehe upesi mara nyingi alikosewa tena upesi, na kwamba katika ndoa zenye maneno makali na vipigo, wale waliosamehewa kwa urahisi waliendelea na ukali wao, ilhali wa wenzi wasiosamehe upesi walipunguza. Matokeo haya yanachukiza kuyasoma. Nayaleta kwa sababu ya takwimu za kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliikuta Bungoma ikiongoza kaunti zote za Kenya: asilimia 62 ya wanawake waliohojiwa walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini walau mara moja tangu wakiwa na miaka 15. Ni zaidi ya nusu. Katika kaunti kama hiyo, mwanamke aliyerudi kwao na jino lililovunjika anapoketishwa na kuambiwa, "Mwanangu, ndoa ni kuvumilia, msamehe bwanako urudi," kuna kitu zaidi ya msamaha kinachoombwa. Anaombwa arudi mahali ambapo kotisoli yake ina sababu ya kupanda.

Anaweza kumsamehe yule bwana. Wengi husamehe, na ningependa wapate nafuu inayoletwa na kusamehe. Lakini anaweza kusamehe akiwa kwa mama yake, fomu ya polisi ya P3 ikiwa imejazwa na daktari na kesi ikiwa mahakamani. Hakuna hata mmoja kati ya watafiti niliowataja anayesema kwamba kusamehe ni kuondoa kesi, au kwamba kusamehe ni kurudi. Hayo tumeyaongeza sisi, na tumeyaongeza kwa sababu yanatupunguzia kazi sisi tuliobaki nje ya ndoa ile.

Siasa zetu pia zimejaa haraka hiyo. Tarehe 28 Mei 2025, katika maombi ya kitaifa Nairobi, Rais William Ruto aliwaomba radhi vijana wa Kenya kama kulikuwa na makosa yoyote. Watu wengi waliguswa, nami sioni aibu kusema kwamba kiongozi anayeomba radhi hadharani ni jambo la kutakwa. Haukupita mwezi. Tarehe 25 Juni, vijana walipotoka kuwakumbuka waliouawa kwenye maandamano ya mwaka mmoja kabla, wengine wakauawa barabarani. Swali la pili lilijibiwa kabla ya vumbi la maombi kutulia.

Sasa nije kwenye lile linalosemwa kwa sauti ya chini kwenye matatu.

Ukisimama Kitale au Bungoma asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Elgon uko pale. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa Chebyuk wa kuwapa ardhi watu waliotolewa juu, Chepkitale. Mpango ukapanuliwa awamu baada ya awamu, na kila awamu ikawaacha watu wakilia kwamba wamenyang'anywa. Awamu ya tatu ilipogawanywa, vijana walishika bunduki wakajiita Sabaot Land Defence Force, wakiongozwa na Wycliffe Matakwei. Waliua zaidi ya watu 600. Waliwatoza watu kodi, waliwakata masikio, waliwachukua watoto wa shule kuwa askari. Maelfu kwa maelfu walishuka na magodoro kichwani hadi miji ya Bungoma na Trans Nzoia. Machi 2008 jeshi lilipanda mlimani kwa Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana walikusanywa wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, na mashirika ya haki za binadamu, ikiwemo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, yaliandika habari za mateso na za watu ambao hawakurudi. Jeshi lilikanusha. Matakwei aliuawa Mei mwaka huohuo. Shirika la Human Rights Watch liliporudi kuandika tena mwaka 2011, watu zaidi ya 300 waliochukuliwa na pande hizo mbili, wapiganaji na wanajeshi, walikuwa bado hawajulikani walipo.

Kwa hiyo mlimani kuna aina ya ujirani ambayo ni vigumu kumweleza mtu wa mbali. Aliyepoteza mume kwa wapiganaji anateka maji kisima kimoja na mama wa mpiganaji, na mama wa mpiganaji naye amepoteza mwana kwa wanajeshi. Wote wawili wanauza viazi soko la Chwele. Kila mkutano wa hadhara unaofanyika Cheptais au Kapsokwony, mgeni wa heshima hukumbusha kwamba yaliyopita si ndwele. Kotisoli haiijui methali hiyo.

Je, kusameheana mbele ya watu kunaponya? Utafiti bora kabisa ninaoujua kuhusu swali hili ulifanywa barani Afrika. Sierra Leone ilitoka vitani mwaka 2002. Baadaye shirika la huko liitwalo Fambul Tok likaanza kupita vijijini kuandaa mikutano ya usiku kando ya moto, ambapo aliyeumizwa alisimama akasema aliyotendwa, na aliyemtenda, mara nyingi jirani yake, alisimama akakiri na kuomba msamaha. Jacobus Cilliers, Oeindrila Dube na Bilal Siddiqi waliufuatilia mpango huo katika vijiji 280, kura ikiamua vipi vianze, wakawahoji watu 2,383. Ripoti yao ilitoka kwenye jarida la Science mwaka 2016.

Vijiji vilipona. Watu waliwasamehe waliowatenda ubaya, wakawaamini zaidi waliokuwa wapiganaji, marafiki wakaongezeka, na michango ya shule na zahanati ya kijiji ikapanda. Lakini watu wenyewe, mmoja mmoja, waliumia. Huzuni, wasiwasi na dalili za kiwewe viliongezeka katika vijiji vilivyofanya mikutano, na watafiti waliporudi baada ya karibu miaka mitatu walivikuta bado vipo. Kidonda kilifunguliwa mbele ya moto, kijiji kikapata amani, na mwenye kidonda akaenda nacho nyumbani. Hakuna fidia iliyotolewa. Mkutano wenyewe ulikuwa wa muda mfupi sana.

Nimelisoma hili mara nyingi na kila mara nafikiri juu ya wale wauza viazi wa Chwele. Ina maana kwamba inawezekana jamii ipate faida yote ya msamaha huku gharama yote ikiachwa kwenye mwili wa mtu aliyeumizwa. Mgeni wa heshima anaporudi Nairobi akisema Mlima Elgon umepona, anaweza kuwa anasema kweli kuhusu mlima na bado akawa amekosea kuhusu kila mjane aliyepiga makofi.

Watafiti wale hawakusema mikutano ikomeshwe. Walisema ikifanywa, aliyefunguliwa kidonda asiachwe. Na hapa kwetu wapo waliolielewa hilo mapema. Shirika la Mwatikho la Bungoma limekuwa likishughulika na walioteswa, kuwasikiliza na kuwatibu. Marafiki, yaani Makweka, ambao wamishenari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, walileta baada ya ghasia za uchaguzi za 2008 mafunzo yaliyobuniwa Rwanda na Burundi mwaka 2003, na wakayafikisha hadi Mlima Elgon. Mafunzo ni ya siku tatu, watu ishirini hivi, nusu upande huu na nusu upande ule. Siku ya kwanza hakuna anayeombwa kusamehe. Watu hujifunza kwanza kiwewe ni nini: kwa nini mtu hushtuka mlango ukipigwa, kwa nini mtoto aliyekuwa mpole sasa hupiga wenzake, kwa nini hasira humwangukia mke badala ya aliyeitia. Nafuu ya kusikia kwamba hujalogwa wala hujapatwa na wazimu ni nafuu kubwa. Siku ya pili ni ya kuomboleza. Siku ya tatu huchorwa mti kwenye karatasi kubwa ukutani, mti wa kutoaminiana, na kila mtu hutaja mzizi: ardhi, uongo, woga, njaa, wanasiasa. Kisha matunda: kisasi, watoto wasiocheza pamoja, shamba lililoachwa likaota magugu. Halafu huchorwa mti wa pili, wa kuaminiana. Mwishoni mmoja hufungwa kitambaa machoni na mwenzake wa upande wa pili humshika mkono, akamtembeza uwanjani, akimwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna ngazi, inua mguu, mama. Kisha hubadilishana.

Itazame sayansi ilivyofichwa humo. Mwili uliojifunza kwamba mkono wa mtu yule ni hatari, sasa unapewa nafasi ya kujifunza jambo jingine kwa njia ileile uliyojifunzia la kwanza: kwa kuguswa. Na waliofunzwa hubaki wakiishi kijijini, watu wa kugongewa mlango usiku ndoto zinapozidi. Nikilinganisha na mkutano wa hadhara wenye hema, spika na soda, najua ni upi ambao ningempeleka mama yangu.

Bado kuna sehemu ambayo hata mafunzo mazuri namna hii hayawezi kuifikia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na Mlima Elgon umo. Ripoti ile haikupitishwa na Bunge ili itekelezwe. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali zote zilizopita na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Radhi ilisikika. Familia za mlimani zikangoja fidia.

Wakati huohuo mjane ambaye mume wake alipakiwa kwenye lori mwaka 2008 hana maiti, kwa hiyo hana cheti cha kifo. Bila cheti hawezi kurithi. Shamba lililomletea vita limeandikwa jina la mtu ambaye hayuko hai wala hajafa, na shemeji anayelitaka analijua hilo vizuri. Mwambie mama huyo asamehe. Labda ameshasamehe zamani kuliko sisi sote. Lakini kila akipita kwenye mpaka wa shamba lile mwili wake hupokea habari mpya za hatari, na habari hizo ni za kweli, hazitokani na kumbukumbu. Hakuna kitabu cha mazoezi kinachoweza kuzifuta.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia huchukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Waliochukuliwa 2008 walitimiza miaka saba mwaka 2015. Familia inaweza kwenda mahakamani kuomba tamko hilo, na kutoka hapo ikaanza kesi ya mirathi. Kinachowakwamisha wengi ni nauli, ada ya wakili na kutojua kwamba mlango huo upo. Na faili la mirathi haliendi bila barua ya chifu inayotaja warithi ni akina nani. Chifu huyo ndiye anayeketi meza ya mbele kila mkutano wa maridhiano unapofanyika, muhuri ukiwa mfukoni. Naomba mkutano ujao uanze na meza ya barua hizo, wajane wahudumiwe kwanza, na hotuba zifuate foleni ikiisha.